Tope lililotupa jina: barua ya wazi kwa wanaolipanga Jiji la Dodoma

Kwa Mstahiki Meya na waheshimiwa madiwani, Mkurugenzi wa Jiji, maofisa mipango miji na maofisa mazingira, na waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya ardhi, maji na mazingira.

YAH: MABONDE YA MAJI YALIYOBAKI DODOMA NA BUSTANI ZINAZOJENGWA JUU YAKE

Mbukwenyi waheshimiwa.

Mimi ni muuza miche. Huu ni mwaka wa kumi na nne napanga viriba vyangu kando ya korongo, hapa hapa mjini, na kama mbele ya ofisi yako kuna mwarobaini au mwashoki uliopandwa miaka ya karibuni, huenda ulitoka kwangu au kwa mmoja wa wenzangu. Ilipozinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, mwaka 2017, tulikesha tukijaza udongo kwenye viriba. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayepinga bustani. Bustani ndizo zinazonilisha na kunisomeshea watoto.

Nawaandikia kwa sababu ya malori. Chini ya banda langu kuna bonde, si kubwa, labda viwanja viwili vya mpira ukiviunganisha. Kiangazi ni pakavu, ng'ombe wanakatiza, watoto wanacheza chandimu. Mvua zikishakolea, kuanzia Januari hivi, bonde linajaa maji ya kufika magotini, matete yanachipua, na usiku vyura wanalia mpaka ukipigiwa simu inabidi upaze sauti. Tangu mwezi wa saba malori yanamwaga kifusi humo: matofali yaliyovunjwa, zege la zamani, udongo mwekundu wa barabarani. Nilimuuliza dereva mmoja, akaniambia eneo linanyanyuliwa, patajengwa bustani ya mapumziko, patawekwa pevingi, viti na bembea za watoto. Alinieleza kwa furaha, na furaha yake niliielewa, maana na yeye ana watoto. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

Bonde lenyewe sitalitaja jina, kwa sababu neno langu si la bonde moja. Neno langu ni hili: mkitaka kujenga bustani mahali palipozoea kukaa maji, yaacheni maji yaendelee kukaa humo. Bustani iende kwenye kinamasi. Kinamasi kisifukuzwe ili bustani ipate nafasi.

Mji huu jina lake ni tope. Kila mtoto aliyesoma hapa amesimuliwa habari za tembo aliyekuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akiwa na kiu iliyomtoa akili, akaingia ndani mno, tope likamshika, akaanza kudidimia watu wakimwona. Wakasema "Idodomya", imezama. Kikuyu nako pakaitwa hivyo kwa ajili ya mikuyu iliyoota kando ya maji yale. Kuna simulizi ya pili, ambayo babu yangu aliipenda kuliko ya tembo. Wagogo waliwaibia ng'ombe jirani zao wa kusini, Wahehe, wakachinja, wakala, wakabakiza mikia. Wenye mali walipokuja kutafuta, wakapelekwa kinamasini wakaonyeshwa mikia imesimama topeni: ng'ombe wenu ndio hao, wamezama, idodomya. Babu alikuwa akifika hapo anachomeka fimbo yake ardhini, anatutazama mmoja mmoja.

Chagueni simulizi mnayoipenda. Zote mbili zinahitaji tope lenye kina. Tembo hazami kwenye changarawe, na mkia wa ng'ombe hausimami kwenye zege. Wazee waliotuachia jina hili walikuwa wanatuachia pia maelezo ya ardhi: hapa, katikati ya nyika hii kavu, kuna mahali maji yanakaa mpaka ardhi inalainika kiasi cha kumeza mnyama. Mimi nahesabu hayo kuwa urithi, sawa na jengo la zamani la stesheni ya reli au mbuyu wa matambiko. Tatizo ni kwamba urithi huu kwa miezi saba ya mwaka hauonekani.

Nadhani hapo ndipo tunapopotezana. Mgeni anafika Dodoma mwezi wa tisa, anakuta vumbi, mibuyu haina jani, upepo unarusha mifuko ya plastiki, anaandika kwenye ripoti yake kwamba nchi ni kame. Ni kame kweli. Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini ukame wa hapa una tabia yake. Mvua haigawanywi kidogo kidogo. Inakuja siku chache, inamwagika kwa kishindo, inashuka vilimani na kuingia kwenye makorongo ambayo asubuhi yake yalikuwa mchanga mtupu, kisha inatafuta mahali pa kupumzika. Mahali hapo ndipo mabondeni. Hata lugha yetu imeviweka pamoja: korongo ni njia ya maji, na korongo ni yule ndege wa miguu mirefu. Njooni bondeni mwezi wa pili mtawakuta wote wawili.

Mama yangu alilelewa kwa maji ya korongo. Nilikuwa nikimsindikiza kiangazi, tukiwa na ndoo na kata. Anachagua mahali kwenye mpindo wa korongo, anapiga magoti, anaanza kuchimba. Mchanga wa juu ni mkavu na moto. Mkono ukishaingia hadi kiwiko rangi inabadilika, unakuwa wa kahawia na unashikamana. Anachimba tena kidogo, halafu anaacha, anakaa pembeni, anasubiri. Polepole sana chini ya shimo panaanza kung'aa. Maji yanajikusanya, ya baridi, na yeye anayachota kwa kata akiyapitisha kwenye pindo la kanga. Ndoo moja ilichukua kama saa nzima. Ukimuuliza maji hayo yametoka wapi wakati mvua ilikatika miezi mitano iliyopita, alijibu kwamba ni ya masika, yalilala tu.

Maji yanayotoka bombani mwenu na mwangu yanafuata njia ileile. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma kwa miaka mingi imetoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe. Watafiti walikaa na kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya visima hivyo na wakatoa matokeo mwaka 2013. Walichokikuta ni kwamba maji ya chini ya ardhi pale hayajazwi kila mwaka. Yanashuka miaka mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kawaida yanapanda kwa mkupuo. Msimu wa El Niño wa 1997 na 1998 ndio uliojaza zaidi katika kumbukumbu zote hizo. Maana yake, waheshimiwa, ni kwamba mvua ile tunayoiita maafa ndiyo inayojaza akiba yetu, mradi tu ipate pa kutulia na kupenya. Sisemi kwamba kila dimbwi la mjini linalisha visima vya Mzakwe, hilo halina ukweli, Mzakwe ina bonde lake na makorongo yake. Nasema hii ndiyo desturi ya maji katika nchi yetu, na mji unaoyaharakisha yote kwenye mfereji wa zege unakwenda kinyume cha desturi hiyo.

Sasa niwaeleze jambo la nyumbani, maana bila hilo mnaweza kudhani naandika kwa kupenda vyura.

Mdogo wangu alinunua kiwanja mwezi wa tisa. Mimi ndiye niliyemsindikiza kukiona. Muuzaji alituonyesha ardhi tambarare, haina jiwe hata moja, udongo mweusi, karibu na barabara, bei inayozungumzika. Pembeni niliona vishina vikavu vya matete vimekatwa na jembe. Nikaviona, na kazi yangu inanifundisha maana yake. Nikajisemea moyoni kwamba maji yako karibu, bustani ya mboga itastawi. Sikumwambia neno. Akajenga vyumba vitatu na sebule.

Msimu wa pili mvua ilikuwa nzuri. Usiku mmoja akanipigia simu nikaenda. Maji hayakuwa yameingia mlangoni. Mlangoni alikuwa ameweka mifuko ya mchanga na ilikuwa mikavu. Maji yalikuwa yanapanda kutoka sakafuni, kwenye ule ufa mwembamba kati ya sakafu na ukuta, kimya kimya, masafi kabisa, unaona hadi saruji ya chini. Tulikuwa tunayazoa kwa beseni na yanarudi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amesimama juu ya kitanda akionyesha kwa kidole chura mdogo aliyekaa kwenye mto wake wa kulalia. Yalipokauka, mwezi wa sita, udongo mweusi ukasinyaa na kuta zikapasuka. Ufa wa chumba cha watoto ulikuwa unaingia kidole changu cha shahada. Leo mdogo wangu amepanga sehemu nyingine na ile nyumba anaitazama kwa mbali. Mkopo wake bado anaulipa.

Pale hapakuwa na mafuriko. Maji yalirudi kwao tu.

Na Dodoma imejaa vishawishi vya kuyajengea maji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa yetu. Ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali imehamia, reli ya kisasa imefika, barabara ya mzunguko inakamilishwa. Kila mtu anatafuta pa kuweka kichwa, na aliyechelewa anapata bondeni. Sina neno la kumlaumu anayejenga huko. Mtu hanunui kinamasi akijua ni kinamasi.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeitaja ardhioevu miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa za hatari, pamoja na mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, maziwa na mabwawa, na imempa waziri uwezo wa kuitangaza ardhioevu kuwa eneo lililohifadhiwa. Tanzania imeridhia Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 2000, na tunajivunia ardhioevu zetu za Malagarasi na Kilombero. Lakini jamani, mita 60 kutoka wapi? Bonde langu halina ukingo. Mwezi wa tisa halina hata tone. Mpima akija na vyombo vyake wakati huo atapata ardhi tambarare yenye nyasi kavu, ataandika anachokiona, na hatakuwa amesema uongo. Maeneo kama haya yanapotea kwa sababu yanapimwa msimu usio wao.

Jambo la pili linalotuponza ni hili neno "eneo la wazi". Waliochora mpango kabambe wa kwanza wa makao makuu, ule wa 1976 uliotengenezwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, walifikiria mji mpana, wa kutembea kwa miguu, wenye nafasi za kijani kati ya makazi na makazi. Tangu wakati huo ramani zetu zina vipande vimeandikwa eneo la wazi. Sikio la mtu wa kawaida linasikia mahali patupu, mahali ambapo hapajapata mwenyewe. Kwa hiyo kila anayekuja anadhani amekuja kupajaza: huyu vibanda, yule gereji, mwingine kifusi, na sasa bustani yenye pevingi ukuta hadi ukuta. Bonde langu halijawahi kuwa tupu. Lina matete, lina vyura waliolala ardhini tangu Mei wakisubiri ngurumo ya kwanza, lina mbegu ambazo mimi mwenyewe siwezi kuziotesha kwenye kiriba. Kwenye ramani paandikwe bonde la maji. Neno lenyewe litafanya nusu ya ulinzi.

Hatuko peke yetu katika hili, na waliotutangulia wamelipa karo ambayo sisi hatuna haja ya kuilipa tena.

Huko Boston, Marekani, kuna mto unaitwa Muddy River, yaani Mto wa Matope. Nilipolijua jina hilo nikajiona niko nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ulikuwa unanuka na kufurika, na akaitwa Frederick Law Olmsted, yule aliyebuni Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux. Angeweza kuufukia. Badala yake aliuchimbia njia ya kujipinda, akauwekea uwanda wa majani yanayovumilia kufunikwa na maji na kuachwa makavu, watu wakapata pa kutembea kandokando. Bustani ile inaitwa Back Bay Fens hadi leo, na fens maana yake vinamasi. Sikilizeni kilichofuata. Katikati ya karne ya 20 magari yalihitaji maegesho, kipande cha mto kikaingizwa kwenye mabomba na juu yake pakasawazishwa. Oktoba 1996 ikanyesha mvua kubwa, mabomba hayakuweza, maji yakapanda mitaani na kuingia mpaka kituo cha treni za chini ya ardhi cha Kenmore. Ikabidi wafukue. Wakaurudisha mto juani pale pale ulipozikwa, na awamu hiyo ya kazi ikamalizika 2016. Wenye fedha kutuzidi, wenye mainjinia kutuzidi, wamelipia kuufukia mto na wakalipia tena kuufukua.

Sydney, Australia, walifanya kwa akili zaidi. Centennial Park ilifunguliwa kwa wananchi 1888 juu ya vinamasi vya Lachlan, vilivyokuwa vikiunywesha mji kupitia handaki lililochimbwa kati ya 1827 na 1837. Walichimba mabwawa, wakapanda miti, lakini kipande cha kinamasi wakakiacha na ukienda leo unapita juu yake kwa njia ya mbao. Na tusiende mbali hivyo: Kigali, 2022, walifungua Nyandungu, hekta zaidi ya 120 za ardhioevu iliyokuwa imeharibiwa. Wameirudishia mabwawa na miti ya asili, wakaweka njia za miguu na za baiskeli. Rwanda haina ardhi ya kuchezea, na bado waliona eneo lile linafaa libaki na maji yake.

Hapa nchini tuna Jangwani, Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi tuliliacha likajengwa, na mafuriko ya Desemba 2011 yakachukua watu na nyumba, waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Leo serikali inatekeleza mradi mkubwa pale, ukiwemo mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, wa kulipa watu fidia, kubomoa, na kulirudisha bonde kuwa njia ya maji na bustani ya jiji. Kazi hiyo naiombea heri. Ila Dodoma bado tuko pale Dar es Salaam ilipokuwa zamani: mabonde yetu mengi hayajajengwa yote. Sisi hatuhitaji kumbomolea mtu ili tupate bustani ya maji. Tunahitaji kuzuia lori.

Najua mtakaloniuliza kwanza, kwa sababu wateja wangu wote huniuliza: mbu je? Ni swali la haki. Mimi mwenyewe nimelaza mtoto kwa malaria. Lakini chunguzeni mbu wanakozaliwa. Yule wa malaria anapenda vidimbwi vidogo vya jua ambavyo havina adui ndani yake: kwato za ng'ombe, mashimo ya wachoma matofali, tairi lilipokwama lori. Wa kwenye mitaro iliyoziba anapenda maji machafu. Bwawa lenye kina, lenye samaki, vyura na kereng'ende, lina walaji wengi wa viluwiluwi vya mbu. Bonde likichimbwa sehemu moja likapata kina cha kubakiza maji kiangazi, samaki wataishi. Kifusi kinafanya kinyume chake, kinaacha vishimo mia badala ya bwawa moja. Kichocho nacho ni cha kweli, kwa hiyo watoto wasiogee humo. Paweke daraja la mbao na kingo, na mtu wa kuangalia. Hatari kubwa kuliko zote ni maji taka na takataka, na hizo hazitoki kwenye kinamasi, tunazipeleka sisi.

Ninayoomba si mengi. Mwezi wa pili au wa tatu, siku mbili baada ya mvua kubwa, tumeni wapima wakiwa na mabuti. Waende na wenyeviti wa mitaa na wazee wawili watatu wanaojua maji yalifika wapi miaka ile mibaya. Wachomeke bikoni pale maji yalipoishia, wapite kata kwa kata, Nkuhungu, Kizota, Ipagala, Nzuguni, kokote penye udongo mweusi. Ramani hiyo ibandikwe ukutani ofisi ya kila mtaa, kwa maandishi makubwa, ili anayetaka kununua kiwanja mwezi wa tisa aione kabla ya kutoa fedha. Mdogo wangu angeiona.

Panapojengwa bustani bondeni, udongo wa kujaza usiingie. Njia za miguu ziinuliwe juu ya nguzo au tuta dogo, viti vikae ukingoni penye ardhi ngumu, pevingi ziishie mlangoni. Bembea ziwe upande wa juu. Katikati pabaki pa maji yakija, na pa nyasi yakiondoka. Wananchi watazoea kwamba bustani yao ina sura mbili kwa mwaka, na naamini wataipenda kwa hilo hilo. Watoto watajua mvua imekuja kwa kuona bwawa, siyo kwa kuona foleni.

Miti nayo ichaguliwe na mtu anayejua miguu yake. Mwashoki ukisimama majini mwezi mzima unanyauka, nimeshawauzia wateja wangu na nimeshawarudishia fedha. Mwarobaini nao hautaki maji yaliyotuama. Mkuyu unataka. Mgunga mwekundu wa mabondeni unataka. Matete hayahitaji kununuliwa, yaachwe tu yasifyekwe.

Na majina yabaki. Huko Perth, Australia, walikuwa na kinamasi kilichoitwa Third Swamp, Kinamasi cha Tatu. Kikafanywa bustani mwaka 1897, na miaka miwili baadaye wakaipa jina la Hyde Park, kwa kuiga ya London. Bustani ni nzuri, lakini jina halimwambii mtoto aliyesimama pale kwamba amesimama juu ya maji. Mabonde yetu yana majina ya Kigogo ambayo wazee bado wanayajua. Wakusanyeni kabla hawajaondoka, kiti kimoja chini ya mti, karani mmoja na daftari. Kila bustani ibebe jina la bonde lake, na pale Kikuyu, kwenye kijito chenyewe, pawekwe ubao wa kueleza habari ya tembo na habari ya mikia, zote mbili, kwa Kiswahili na Kigogo. Jiji zima limebeba jina la tope lile. Wanafunzi wanapita pale kila siku, na wengi hawajui.

Waheshimiwa, malori yamesimama wiki hii. Nasikia mafuta, au malipo, sijui. Theluthi moja ya bonde ndiyo imefukiwa. Theluthi mbili bado ziko wazi na nyasi zake, na kwa jinsi upepo ulivyogeuka jioni hizi mbili, mvua haziko mbali.

Kwenye kona ya banda langu kuna viriba 40 vya mikuyu. Niliiotesha kwa vipandikizi nilivyokata kwenye mti wa zamani ulioko ukingoni mwa korongo, ule ambao mama yangu alikuwa akitundika kanga yake wakati anachimba maji. Imefika urefu wa goti. Siiuzi. Siku mtakayokuja kupima bonde, njooni na mabuti, mimi nitakuja na miche, na jembe ninalo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuza miche wa korongoni,
Dodoma